Kubeba na Kuzungusha

Lori likikatikiwa na shafti ya nyuma pale Mai Mahiu, halilali. Husimama kando ya barabara kwa magurudumu yake yote, shehena ikiwa juu vilevile, utadhani dereva ameshuka kununua mahindi ya kuchoma. Ukipita polepole utamwona tanboi amechutama kwenye gurudumu la nyuma akifungua duara la nati katikati ya habu. Nati zikiisha, anaivuta shafti nzima nje, anaifunga kwenye bodaboda na kuituma Naivasha ikatafutiwe mwenzake. Hakuna jeki iliyowekwa. Hakuna gunia lililoteremshwa.

Gari dogo la kizamani halina heshima hiyo. Shafti yake ikikatika vibaya, gurudumu linachukua njia yake peke yake, drami na vyote, na gari linaburuta upande mmoja kwenye lami hadi lichoke. Nimewahi kuona gurudumu la namna hiyo likimpita mwenyewe kwenye mteremko wa Kinungi, likavuka mtaro na kuingia kwenye shamba la viazi, na watu wakacheka kwanza kabla ya kukumbuka kwamba ndani ya lile gari mlikuwa na abiria.

Tofauti iko mahali ambapo macho hayafiki. Kwenye lori, habu imepanda juu ya beringi mbili, na beringi hizo zimekaa kwenye bomba la ekseli lenyewe. Uzito wote, wa gari na wa mzigo, unaishia kwenye bomba. Shafti inayopita ndani haibebi hata kilo moja. Kazi yake ni kuzungusha tu. Ikikatika, kinachokufa ni mwendo. Kusimama kunabaki. Kwenye gari langu, na kwenye mengi ya rika lake, shafti ndiyo habu. Ncha ya ndani ina meno yanayoingia kwenye difu. Ncha ya nje imetanuka kuwa sahani, na tairi limefungwa kwenye hiyo sahani. Karibu na sahani kuna beringi moja, na baada ya hapo hakuna msaada mwingine. Chuma kimoja kinazungusha, chuma hichohicho kinabeba.

Wazee waliofanya kazi kwenye mashamba ya upande wa Kongoni watakuambia habari za Land Rover za Series, ambazo shafti zake zilikuwa na sifa mbaya ya kukatika. Dereva mwenye akili alibeba shafti ya akiba nyuma ya kiti. Lakini Land Rover zile zilikuwa zimepangwa kama lori: shafti ikikatika, gurudumu halikwenda popote. Ulivuta mti wa gia, ukaamsha magurudumu ya mbele, ukarudi nyumbani ukiwa umenuna tu. Toyota waliolitengeneza gari langu hawakuwa wazembe kuliko Waingereza. Mpango wao ulikuwa mwepesi, wa vyuma vichache, wa bei ambayo mwalimu angeweza kuifikia siku moja, ingawa baada ya wengine kuitumia kwa miongo kadhaa.

Ni DX steshen wagoni, Corolla ya mwanzo wa miaka ya 1980, ya kizazi kile cha mwisho kabla Toyota hawajaanza, 1983, kuhamishia kazi ya kusukuma kwenye magurudumu ya mbele. Namba zake ni za kabla ya KAA, ambazo zilianza kutolewa 1989. Springi za nyuma ni za vyuma bapa vilivyopangwa, na juu ya vyuma hivyo kimepanda karibu kila kitu kinachohitaji kwenda mahali. Jumatatu hadi Ijumaa ni gari la mwalimu. Jumamosi alfajiri ni gari la samaki. Mama watoto huteremka ufuoni mitumbwi ikirudi, na kufikia saa mbili makreti ya tilapia yako njiani kwenda mjini, maji ya barafu yakitiririka kwenye sakafu ambayo Jumatatu itakanyagwa na wanafunzi. Jirani akishikwa na uchungu wa uzazi usiku ni ambulansi. Jirani akihama ni lori.

Hapa Karagita mpango huo hauhitaji maelezo. Mtaa huu ulikua kwa ajili ya mashamba ya maua yaliyopangana kwenye Moi South Lake Road, na nyumba nyingi ni chumba kimoja ndani ya ploti ya vyumba vingi, mlango ukitazamana na mlango. Chumba ni cha kulala, ni jiko, ni stoo, ni chumba cha wageni. Ua ni wa kufulia, wa kuanikia, wa watoto, wa mazungumzo ya jioni, na siku nyingine ni gereji. Mama wa mlango wa tatu anakata maua mchana na kukaanga chapati jioni, mgongo uleule, miguu ileile. Watu hupenda kuusifu ujanja huu wa kukifanya kitu kimoja kiwe viwili. Mimi siusifu wala siupondi. Najua tu hesabu yake: kitu chenye kazi mbili kikivunjika, zinavunjika zote mbili pamoja, na asubuhi ile hujui ulie kwa ajili ya ipi.

Dalili zilikuja kwa pande mbili, na hilo lilituchanganya. Kushoto kulikuwa na mvumo. Ulianza gari likifika kilomita arobaini kwa saa, ukapanda pamoja na mwendo, na ulibadilika sauti kwenye kona, uzito ulipohamia upande wa pili. Tena tairi la kushoto lilianza kuwa na weusi wa oili kwa ndani. Kulia hakukuwa na mvumo wala oili, bali kishindo: tk, kila nilipoachia klachi, na tk nyingine nilipoondoa mguu kwenye mafuta. Nilidhani ni ugonjwa mmoja unaosikika mara mbili. Mzee wa ploti ya jirani, aliyefanya kazi miaka mingi kwenye karakana ya shamba moja la maua na ambaye hustaafu kila mwaka bila kufaulu, alisimama nyuma ya gari nikiliondoa na kulirudisha, mikono mgongoni.

"Mwalimu," akasema, "hapa una wagonjwa wawili. Na hawafahamiani."

Kwamba chuma huchoka ni jambo ambalo binadamu walilijua wakiwa wamechelewa. Mei 8, 1842, treni iliyokuwa ikitoka Versailles kurudi Paris ilivunjika ekseli ya injini ya mbele karibu na Meudon. Mabehewa yakapandana, moto ukawaka, na kwa kuwa milango ilikuwa imefungwa kwa ufunguo, watu zaidi ya 50 wakafia ndani. Mmoja wao alikuwa Dumont d'Urville, baharia aliyefika hadi kwenye barafu za Antaktika akarudi salama, kuja kuuawa na safari ya matembezi ya Jumapili. Kilichowasumbua wahandisi wa enzi hiyo ni kwamba ekseli za reli zilikuwa zikikatika chini ya mizigo ambayo zilikuwa zimeibeba siku zote. Jana imebeba, leo imekatika, na uzito ni uleule.

Jibu lilipatikana Prussia, kwa mhandisi wa reli aitwaye August Wöhler, ambaye katika miaka ya 1850 na 1860 alijenga mashine za kuzungusha ekseli chini ya mzigo, mzunguko baada ya mzunguko, hadi zikatike. Shafti inayobeba uzito hupinda, kiasi kidogo mno cha kuonekana. Upande wa juu unavutwa, upande wa chini unabanwa. Ikizunguka nusu duara, uliokuwa ukivutwa sasa unabanwa. Ndiyo maana shafti ya lori, inayosokotwa tu bila kupindwa, inaishi maisha tofauti kabisa na ya DX. Tairi dogo la inchi 13 huzunguka mara 560 hivi kwa kilomita. Kutoka Naivasha hadi Nairobi, kilomita 90 kwa kukadiria, shafti yangu imepindwa huku na kule mara 50,000 nami nimekaa nasikiliza redio.

Wöhler aliona kwamba mzigo mdogo, ukirudiwa mara za kutosha, hukata chuma ambacho mzigo mkubwa wa mara moja ulishindwa kukikata. Hilo ndilo watu hulikumbuka, na linafaa kwa hotuba za huzuni. Jambo la pili aliloliona linanivutia zaidi: kuna kiwango cha mzigo ambacho chini yake chuma cha ekseli huzunguka na kuzunguka, mamilioni ya mara, bila kuonyesha dalili ya kuvunjika. Basi kazi mbili si lazima ziue. Chuma kinaweza kubeba na kuzungusha maisha yote ya gari, mradi mtu amepiga hesabu ya uzito na wengine wakaiheshimu. DX ilipigiwa hesabu ya familia na mizigo ya kiasi. Haikupigiwa hesabu ya makreti ya samaki yenye barafu, wala ya watu wanane wanaorudi usiku msimu wa Valentine, wakati mashamba yanapokimbizana na tarehe 14 Februari, ovataimu inakuwa ya kila siku na kila anayeweza kusimama anasimama. Msimu huo kila kitu Karagita kinapita hesabu yake. Machi tunaanza kusikia mivumo.

Tukaanza kazi Jumapili, mchana, ua ukiwa na kamba za nguo zimejaa. Tulilegeza nati za tairi gari likiwa bado chini, tukazuia magurudumu ya mbele kwa mawe, tukainua kwa jeki chini ya difu, kisha Mzee akasukuma magogo mawili ya mkaratusi chini ya bomba la ekseli, moja kila upande, na kuishusha jeki mpaka gari likakaa juu ya magogo. Haingizi hata kidole chini ya gari lililosimama kwa jeki. "Jeki ni ya kuinua," husema. "Ya kubeba ni gogo." Ameyaona yaliyomkuta mtu aliyeichanganyia jeki kazi hizo, na hayasimulii.

Drami ya kushoto ilipotoka, harufu ikatoka nayo. Oili ya difu ina dawa za salfa ndani yake, na harufu yake ni ileile inayoletwa na upepo wa Olkaria siku mvuke unapoelekea huku kwetu. Watoto walisema mtu amevunja yai viza. Oili ilikuwa imepita kwenye sili, ikapita kwenye beringi, ikalowesha brekishuu. Kwa maneno mengine, upande huo nilikuwa nikisimama kwa matumaini. Sahani ya shafti ina tundu la kuingiza soketi. Unafungua nati moja kati ya nne zinazoshika bamba la beringi, unaizungusha sahani hadi tundu lifike kwenye nati inayofuata, unaendelea. Nne zikishatoka, shafti haitoki. Haijawahi kutoka yenyewe tangu Toyota waanze kuunda magari. Mzee akaigeuza drami mgongo mbele, akairudisha kwenye bolti za tairi na kukaza nati nyuzi chache tu, ili ibaki na nafasi ya kucheza. Akashika drami kwa mikono miwili na kuivuta kwa kishindo, mara kadhaa. Drami imekuwa nyundo. Shafti ikakohoa, ikasogea, ikaja yote, ikidondosha oili nyeusi kwenye kipande cha katoni alichokuwa ameshatandika bila mimi kumwona.

Pale beringi inapokaa, chuma kilikuwa na rangi ya samawati ya joto. Beringi huingizwa kwa mashine ya kushindilia, tani kadhaa; hii yetu niliizungusha juu ya shafti kwa vidole. Wakati fulani huko nyuma ilikauka grisi, ikakwama, na shafti ikaendelea kuzunguka ndani yake. Sili nayo ilikuwa imechimba mfereji. Ukipitisha ukucha polepole kuelekea sahani, ukucha unaanguka ndani ya mfereji na kutoka upande wa pili. Huo ukucha ndio kipimo. Sili mpya ya bei yoyote ungeivika pale ingevuja kabla ya kufika Kihoto. Na ni haki yake kwamba upande wa kushoto ndio uliochoka kubeba: sisi tunaendesha kushoto, na kushoto ndiko lami yetu inakomegeka, gurudumu likishuka kwenye ukingo na kupanda tena kila unapopisha lori la maua.

Kulia kulikuwa na hadithi nyingine kabisa. Mahali pa beringi palikuwa safi, pa kung'aa, hata ukucha haukukuta kitu. Ila meno! Nusu ya meno, kuelekea ncha, ilikuwa imeliwa ikabaki makali membamba. Nusu ya pili ilikuwa bado na umbo la kiwandani, kingo zake zikikwaruza kidole. Mzee aliitazama muda mrefu, kisha akazilaza shafti mbili kwenye simenti, akilinganisha zote mbili na ubao aliokuwa ameutia alama za kina cha kila bomba.

"Hii si ya gari hili," akasema. "Ndugu wa kambo. Fupi."

Fundi fulani, miaka fulani, kwa mmiliki fulani kabla yangu, alikuwa ametia shafti ya gari linalofanana. Sahani ikaingia, bolti zikakubali, gari likaenda. Lakini ndani ya difu meno yalishikana nusu tu, na nusu hiyo ikafanya kazi ya nzima, mpaka ikaliwa. Tuliingiza tochi na kuangalia meno ya difu yenyewe. Yalikuwa salama, ni chuma kigumu zaidi. Kwa hiyo shafti mbili, gari moja, barabara moja, na kila moja imekufa kwa kazi tofauti. Ya kushoto imeuawa na kubeba. Ya kulia imeuawa na kuzungusha. Sikuwa nimefikiri kwamba hilo linawezekana. Nilikuwa nimezifikiria kazi mbili kama mzigo mmoja unaomwelemea mtu, kumbe kila kazi ina mahali pake pa kuuma.

Swali la kwanza katika ua wowote wa Kenya si wapi nitanunua nyingine. Ni kama hii haiwezi kurudishwa. Ya kushoto ilipata watetezi. Mjini kuna mafundi hodari wa kujaza chuma kwa welding na kukikereza kwenye mashine hadi kipimo kirudi, na kijana mmoja aliyepita kuazima pampu alisema kwa nusu ya bei ya shafti angenirudishia nikiwa sijanyanyuka kwenye kiti. Simbezi. Jua kali imeshikilia nchi hii kwa kujaza na kukereza. Ila Mzee alikataa, nami nikamwelewa. Shafti hupewa ugumu wake kwa joto lililopimwa. Moto wa welding unaufuta ugumu huo na kuacha mahali palipo laini kando ya palipo gumu. Na mahali penyewe ni pale kwenye beringi, ambapo kupinda kote kunakutana. Kwa chuma kinachozungusha tu, ningefikiria. Kwa kinachobeba tu, kwa mwendo wa polepole, ningefikiria pia. Kwa chuma cha kazi zote mbili, watoto wakiwa nyuma, Kinungi ikiteremka mbele yako, kujaza ni kamari ambayo mchezaji si wewe peke yako.

Juni 2021, Safari Rally iliporudi kwenye ubingwa wa dunia, ambako haikuwa imeonekana tangu 2002, makao yake yakawa hapa Naivasha, na Sébastien Ogier akashinda kwa Toyota. Watu wa Karagita walijua njia zote za vumbi za kuyaona magari bure. Mimi nilikwenda kuwaona mafundi. Walilala chini ya gari wanne kwa pamoja, saa ikihesabu dakika, wakatoa kitu kizima kinachong'aa na kutia kingine kizima kinachong'aa. Nilimuuliza mtu aliyesimama karibu kimeharibika nini. Hakuna, akasema, kimefikisha kilomita zake tu. Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi. Kuna watu hubadilisha chuma kwa sababu kimefikisha hesabu. Sisi hubadilisha kwa sababu kimelia, na wengi wetu hungoja kilie mara ya pili ili kuhakikisha.

Shafti za DX sasa zinatafutwa kwa miguu. Grogan, Nairobi, bado unaweza kuzipata zimesimamishwa ukutani kwenye vibanda, zimetolewa kwenye magari yaliyokufa kwa ugonjwa mwingine. Unakwenda na kijiti ulichokata kwa urefu, umehesabu meno na kuyaandika, umechora matundu ya bolti kwenye karatasi, ili usije ukauziwa ndugu wa kambo mwingine. Shafti iliyopakwa rangi nyeusi ya kung'aa mimi naipita. Aliyeipaka alikuwa na sababu. Ile yenye kutu ya kawaida na grisi iliyokauka naipangusa kwa kitambaa chenye petroli, napitisha ukucha penye beringi na penye sili, natazama meno dhidi ya mwanga, kisha naomba kuiviringisha juu ya kioo cha kaunta. Iliyopinda itajitangaza. Muuzaji hukasirika kidogo, halafu hukuheshimu, halafu bei haishuki hata hivyo. Nilinunua mbili. Mke wangu aliuliza kwa nini si moja kwanza, ya upande unaovuja, na nyingine mwezi ujao. Swali lilikuwa la haki. Nilimwambia upande usiovuja ndio unaoweza kutuacha njiani na samaki. Akahesabu barafu kichwani, akakubali.

Beringi mpya zilishindiliwa mjini, penye mashine. Hapo kuna mtego ambao kila fundi anaujua: lile bamba lenye matundu manne linatangulia kuvaa kabla ya beringi. Ukilisahau, hakuna kurudi. Utakata kila kitu na kununua upya. Pete ya kuzuia beringi, ambayo ndiyo inayoizuia shafti isitoke na gurudumu barabarani, Mzee alitaka kuivisha mwenyewe, nyumbani.

Aliiweka pete kwenye sufuria kuukuu yenye oili, juu ya jiko la makaa la mama wa mlango wa tatu, aliyekuwa akisubiri jiko lake kwa ajili ya chapati na hakuficha kwamba anasubiri. Pete haipashwi kwa moto wa moja kwa moja, kwa kuwa moto hauna kipimo. Oili inapanda taratibu na kwa usawa, na nyuzi 150 hivi zinatosha. Kwa joto hilo tundu la pete hutanuka chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita. Ndiyo nafasi yote unayopewa. Shafti ilikuwa imesimamishwa wima katikati ya magogo, sahani chini, imepanguswa ikawa kavu. Mzee alitazama oili mpaka ikaanza kutoa moshi mwembamba. Akaichukua pete kwa koleo, akaipeleka juu ya ncha, akaiachia. Ilishuka yote kwa mkupuo mmoja hadi kwenye beringi, tang, na alipojaribu kuizungusha kwa koleo baada ya muda mfupi ilikuwa imeshashika. Kama ingekwama katikati tungekuwa na sekunde chache za kuipiga kwa bomba, baada ya hapo ni patasi. Watoto walitaka arudie. Ya pili aliirudia kwa ajili ya upande wa kulia, nao wakadhani ni kwa ajili yao.

Sili mpya, grisi kwenye mdomo wa sili, shafti ikaingizwa polepole ikishikiliwa katikati isije ikaparuza ule mpira, meno yakatafuta meno gizani, yakapatana. Brekishuu nilibadilisha zote. Zilizokunywa oili hata ukizichoma kwa petroli hurudia ulevi wake. Difu ikajazwa mpaka oili ikachungulia kwenye tundu la kujazia, gari likiwa limelala sawa. Baada ya safari ya kwanza ya mjini nilishika drami zote mbili kwa kiganja. Joto lilikuwa sawasawa. Mvumo haukuwapo, tk haikuwapo, na kwa mara ya kwanza nikasikia kwamba mlango wa nyuma unapiga kelele.

Shafti mbili za zamani zilibaki zimeegemea ukuta wa mabati. Siku ya tatu au ya nne akaja fundi wa mikokoteni. Maji mengi ya mtaa huu huletwa na punda, madumu yamepangwa kwenye mkokoteni wa mbao, na chini ya mkokoteni huo, ukiinama, mara nyingi utakuta ekseli ya nyuma ya gari lililokufa, bomba, difu na yote, propela tu ndiyo imeondolewa. Alikuwa na ekseli ya DX iliyopungukiwa shafti moja. Akachutama, akaichukua ya kushoto kwanza. Meno yake yalikuwa mazima, ya kupendeza. Nilidhani ndiyo atakayoitaka. Akapitisha ukucha penye beringi, akairudisha ukutani bila neno. Akachukua ya kulia, ile iliyoliwa meno.

"Hiyo haizungushi kitu," nikamwambia, nisije nikaitwa mwizi.

"Ya nini izungushe, Mwalimu? Punda yupo." Akapitisha ukucha, mara mbili, akatabasamu. "Hii inabeba. Wasema pesa ngapi?"

Nikataja bei. Akataja yake. Mzee, aliyekuwa upande wa pili wa ua akijifanya hasikii, akasema ile ya kushoto isiuzwe, ataipeleka kwa mfua vyuma imtolee mtaimbo, chuma kizuri hakitupwi. Na mwenye mkokoteni akasema kwamba kama mtaimbo unatoka bure basi shafti hii nayo ishuke kidogo, na tukaanza upya.